Jinsi ya kujifunza kata ya staili nyingine bila kuharibu ya kwako

Kwanza tuelewane, kata ninayoongelea hapa si ile yenye diwani, wala si ile ya majani ya mgomba ambayo bibi anaiweka kichwani kabla ya kubeba ndoo. Naongelea kata za karate na ndugu zake, yaani ule mpangilio wa ngumi, bloku, mateke na kugeuka unaoupiga kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kubadilisha kitu. Wajapani wanaita kata, Wakorea wa taekwondo wanaita poomsae au tul kutegemea uko shirikisho gani, Wachina wanaita taolu. Wengi wakiona wanasema aah si kitu kimoja tu. Hapana, na hapo ndo watu wanaumia magoti.

Mi nimekulia staili ya karate inayoitwa Shotokan. Miaka kadhaa napiga kata zake za Heian na Tekki, nikajiona nimeiva. Alafu nikahama mji kwa ajili ya kazi, dojo (ukumbi wa mazoezi) iliyokuwa karibu ni ya staili nyingine, Goju-ryu, nikasema karate ni karate bwana, nikaingia. Wiki ya kwanza tunafundishwa kata yao ya Gekisai Dai Ichi, mikono niliishika ndani ya nusu saa, mpaka nikawa nawahesabia wenzangu. Sensei, yaani mwalimu, akaniangalia weee, akaja, akaweka unyayo wake nyuma ya kisigino changu cha mbele, akanigusa begani na vidole viwili. Nilikaa chini kama mtoto anayejifunza kutembea. Akasema, "Mikono ni ya kwetu, miguu umekuja nayo." Basi.

Toka siku hiyo nimejifunza kwamba kata ya staili nyingine huianzi na mikono. Mikono ni rahisi, mikono inakudanganya kwamba umeshajua. Unaanza na namna wale watu wanavyosimama, wanavyotumia nyonga, na wanavyopumua. Ukishapata hivyo vitatu, mikono inakuja yenyewe. Ukianza na mikono utakuwa unaongea Kipemba kwa lafudhi ya Kisukuma, watu watakuelewa ila watacheka.

Jua kata yako imetoka wapi

Sio historia ya kujionyesha, inasaidia kweli. Karate ya Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani ilikoanzia, kwa ufupi ina mikondo miwili mikubwa, wa mji wa Shuri na wa mji wa Naha. Ule wa Shuri ndo wa mzee Itosu Anko, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1900 aliingiza karate mashuleni Okinawa na akapanga kata tano za Pinan kwa ajili ya wanafunzi. Mwanafunzi wake Gichin Funakoshi, ndo baba wa Shotokan, akaenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha karate, akabaki huko, na baadae akazibadilisha majina zikawa Heian ili Wajapani wa bara wazitamke vizuri. Na akabadilisha mpangilio pia: Heian Shodan ya Shotokan ndo Pinan Nidan ya wengine, na kinyume chake. Kwa hiyo ukienda dojo ya Wado-ryu au Shito-ryu, staili nyingine za karate, ukaambiwa piga Pinan Shodan ukapiga Heian Shodan yako, ushakosea kabla hujaanza. Nimeliona hilo kwa macho yangu, jamaa mkanda wa kahawia kabisa, anapiga kwa nguvu zote peke yake upande mwingine na mstari mzima unaenda huku.

Mkondo wa Naha ndo wa Higaonna Kanryo na mwanafunzi wake Chojun Miyagi, aliyeipa staili jina la Goju, ngumu na laini. Huku kata zinaitwa Saifa, Seiyunchin, Seisan, mpaka Suparinpei ambayo jina lake ni namba 108. Gekisai yenyewe sio ya kale, Miyagi aliitunga mwaka 1940, na kama Pinan, ilikuwa ya kuwapa wanafunzi wa shule kitu cha kuanzia. Alafu kuna Kenwa Mabuni wa Shito-ryu, huyu alisoma kwa Itosu na kwa Higaonna wote wawili, ndo maana Shito-ryu ina kata nyingi kupita kiasi, wana za pande zote mbili.

Sasa faida yake: ukijua kata yako na ile mpya zina baba mmoja, utajifunza kwa kulinganisha. Kama hazina, usilinganishe kabisa, anza upya kama mkanda mweupe.

Chora sakafu

Chukua chaki, au tepu kama mwenye nyumba mkali, weka alama ya X pale unaposimama kuanza. Kila kata ina ramani yake ya miguu chini, kwenye karate inaitwa embusen. Heian Shodan ramani yake ni kama herufi I kubwa yenye vifuniko juu na chini. Tekki ni mstari mmoja tu wa kushoto-kulia, huendi mbele wala nyuma. Poomsae za Taegeuk zinafuata mistari mitatu ya trigramu, zile alama za vistari ambazo nne kati yake ziko kwenye bendera ya Korea Kusini. Siu Nim Tau ya Wing Chun, kung fu ya Kichina, haina ramani, unasimama palepale mwanzo mwisho miguu haiondoki, na usiidharau, jaribu kukaa kwenye ile stensi (namna ya kusimama) magoti yameingia ndani dakika kumi uone mapaja yanavyoongea.

Kabla ya kupiga mkono wowote, tembea ramani mikono ikiwa kiunoni. Miguu tupu. Ukiweza kuitembea kata nzima miguu tupu mara tatu bila kusita, hapo ndo ruhusa ya kuongeza mikono. Mimi hii hatua naipa siku tatu nne, na watu wanaona napoteza muda.

Tuchukue Heian Shodan tuivunje

Nimeichagua hii kwa sababu ndo watu wengi wanaijua na ndo inayodharauliwa zaidi. Hatua 21, kiai mbili (ule ukelele wa nguvu), moja kwenye ya 9 na nyingine ya 17. Unaanza kwa kugeuka kushoto na gedan barai, yaani bloku ya chini, unasonga na ngumi, unageuka digrii 180 na gedan barai nyingine, na hapo kwenye ya 4 kuna kitu.

Ile ya 4 unavuta mguu wa mbele kurudi nyuma kidogo, mkono unazunguka juu, unashuka na ngumi ya nyundo. Watoto wote wanaipiga kama wanafukuza nzi. Sasa mwambie mwenzako, au hata mdogo wako nyumbani, akushike kifundo cha mkono wa kulia kwa nguvu, mkono wako ukiwa chini pale ulipomalizia bloku. Jaribu kuvuta kwa bega tu. Hutoki. Sasa vuta mguu wa mbele kwanza, uzito urudi nyuma, nyonga igeuke, na mkono ufuate mwili kupitia upande wa kidole gumba chake. Umetoka, na ngumi iko juu ya kiwiko chake au uso wake inasubiri. Ukishaihisi mara moja hutaipiga tena kama mtu wa nzi. Hii ndo wanaita bunkai, kuelewa kila hatua inafanya nini kwa mtu, na ukitaka ushauri wangu usijifunze bunkai ya kata nzima kwa mpigo, chagua hatua moja kila wiki uishi nayo.

Kitu cha pili ni ule mgeuko wa digrii 270 baada ya age uke (bloku ya juu) ya tatu. Umemaliza kiai, mguu wa kulia uko mbele, sasa unatakiwa utokee upande wa kulia lakini kwa kupitia mgongoni, kinyume cha saa. Hapa watu wanafanya makosa mawili, wanarusha mguu wa kushoto kwa mbali kama mlango wa geti, au wanageuza mwili kabla ya kichwa. Fanya hivi: geuza macho kwanza, uvute mguu wa kushoto karibu na kisigino cha kulia, goti la kulia libaki limekunjwa usinyanyuke, alafu ndo uutoe kuelekea kule unakoangalia. Mtu aweke alama ya penseli ukutani pale urefu wa paji la uso wako, na kama kichwa chako kinapanda na kushuka, basi unanyanyuka. Mi nilifanya zoezi hili mbele ya ukuta wa jiko usiku, mke wangu akauliza nani kachora ukutani.

Kata hii ikipigwa Shotokan inavyotakiwa inaishia palepale ilipoanza. Ukimaliza angalia X yako. Ukiwa mbele ya X au nyuma yake, hatua zako za kwenda na za kurudi hazina urefu sawa, na mara nyingi shida ni zile ngumi tatu za kurudi, mtu anashajua kiai inakuja anaanza kukimbilia. Ukiwa pembeni ya X basi shida ni ule mgeuko wa 270, rudi juu usome tena.

Hiyohiyo, nyumba nyingine

Sasa ichukue hii Heian Shodan uende nayo kwa Wado au Shito-ryu ambako inaitwa Pinan Nidan. Ramani ni ileile, utafurahi. Ila hatua ya kwanza sio gedan barai ya chini kwenye zenkutsu ndefu (stensi ya goti la mbele limekunjwa), ni ngumi ya nyundo ukiwa kwenye stensi ya paka, uzito karibu wote nyuma, mguu wa mbele unagusa tu. Na mwisho kule ambako Shotokan unapiga shuto uke nne (bloku za ubavu wa kiganja) ukiwa kwenye kokutsu (stensi yenye uzito nyuma), wao wanashuka kwenye shiko dachi, ile stensi ya kuchuchumaa kama mcheza sumo, mkono unakata chini. Katikati stensi zao ziko juu zaidi, fupi zaidi. Wado hasa, kwa sababu mwanzilishi wake Hironori Ohtsuka alikuwa mtu wa jujutsu, mieleka ya kale ya Kijapani, kabla, kule hawataki ukae mzito, wanataka uweze kupotea pale ulipo.

Utafanyaje usichanganye? Mi nina kanuni ya kijinga lakini inafanya kazi: siku za staili moja, na siku za staili nyingine, kamwe si siku moja. Na kabla ya kuanza napiga hatua kumi za kawaida za staili ile tu, kwenda na kurudi, mpaka mwili ukumbuke uko wapi. Kama Shotokan, hatua kumi za zenkutsu ndefu, karibu upana wa mabega mara mbili, kiuno chini. Kama Goju, hatua kumi za sanchin dachi, stensi fupi nitakayoieleza hapo chini. Ni kama mtu anayeongea lugha mbili, akiingia nyumbani kwa mama yake anabadilika mlangoni, hangoji afike sebuleni.

Mfano mwingine mzuri ni Tekki na Naihanchi. Kata moja, Funakoshi alibadilisha jina tu, lakini Shotokan wanaipiga kwenye stensi ya kiba dachi, pana, nyayo zinaangalia mbele, chini kabisa, wakati dojo nyingi za Okinawa wanasimama juu, vidole vimeingia ndani kidogo, nguvu inatoka kwa kukaza mapaja kwa ndani. Ukipiga Naihanchi kwa upana wa Tekki goti litakuambia ndani ya mwezi. Hangetsu ya Shotokan na Seisan vilevile, ndugu, lakini ukiziweka pembeni kwa pembeni utadhani ni watu wasiojuana.

Sanchin, hapa nitakaa kidogo

Kama unatoka Shotokan au taekwondo, Sanchin, kata ya msingi ya Naha, itakuudhi. Hamna kuruka, hamna teke, hatua chache mbele, polepole, ngumi moja moja, na pumzi inasikika kama mtu anayesukuma gari lililozima. Higaonna aliifundisha viganja wazi, Miyagi akaifunga ngumi. Kata nyingine za Naha zote zimelala juu ya hii, kwa hiyo ukiiruka utapiga Saifa nzuri ya kupiga picha tu.

Stensi: miguu upana wa mabega, kisigino cha mguu wa mbele kiwe usawa wa vidole vya mguu wa nyuma, mguu wa mbele umegeuka ndani kidogo, magoti yamekunjwa kidogo. Sasa shika sakafu na vidole kama unataka kuinua mkeka. Kunja mkia ndani, yaani makalio yasibinuke nyuma. Mabega chini. Hatua yenyewe mguu haunyooki kwenda mbele, unapita nusu duara, unaingia ndani karibu na mguu mwingine alafu unatoka, unyayo ukikaribia kugusa sakafu muda wote.

Pumzi ndo kazi. Vuta kwa pua wakati mkono unarudi, toa kwa mdomo wakati ngumi inatoka, na itokee tumboni chini ya kitovu, sio kooni. Ukisikia koo linakwaruza unakosea. Na usibane pumzi ukikaza mwili, watu wanaona nyota, na kama una presha, ongea na daktari kwanza kabla hujajifanya chuma, hii sio utani.

Kwenye dojo sensei atazunguka akikupiga makofi mabegani, mgongoni, kwenye mapaja. Mgeni anadhani ni adhabu. Anakukagua, anatafuta sehemu iliyolegea. Nyumbani mwombe mtu akusukume kidogokidogo, begani, kwenye kiuno, nyuma ya goti, wewe ukiendelea kupiga. Akikutikisa sehemu moja kila mara, ushapata kazi ya wiki nzima.

Ukishapata hiyo hata siku kumi, rudi kwenye Gekisai Dai Ichi. Hatua zake tatu za kwanza ni kushoto bloku ya juu kwenye sanchin dachi, ngumi kwa kusonga mguu wa kulia, alafu mguu huohuo wa kulia unarudi nyuma unashuka kwenye shiko dachi na bloku ya chini. Angalia urefu: juu, juu, chini. Mi nilikuwa chini zote tatu. Ndo maana nilikalishwa.

Wakorea

Taekwondo nitapita haraka kidogo kwa sababu nimekaa nayo mwaka mmoja tu. Kuna nyumba mbili kubwa. Ile ya olimpiki, ya World Taekwondo, ina Taegeuk nane za mikanda ya rangi, kuanzia Il Jang mpaka Pal Jang, alafu za mikanda meusi zinaanza na Koryo. Ile ya ITF, shirikisho la pili, ina tul 24, ya kwanza Chon-Ji yenye hatua 19, nyingi zimepewa majina ya watu na vitu vya historia ya Korea.

Mtu wa karate akianza Taegeuk Il Jang anaona raha, bloku chini, ngumi, geuka, bloku chini, ngumi, si Heian tu hii. Alafu anaingia kwenye zenkutsu na anaambiwa inuka. Stensi ya kwanza ni ap seogi, hatua ya kutembea kabisa, urefu wa mtu anayeenda dukani. Ile ndefu ipo pia, inaitwa ap kubi, lakini inaingia baadae, na kubadilisha kati ya hizo mbili ndo somo zima la Il Jang. Kiai, wao wanaita kihap, ni moja tu, mwisho kabisa. Nilipiga mbili kwa mazoea. Ukumbi mzima uligeuka.

ITF ni mtihani mwingine, wana lile wimbi la magoti, unashuka unapanda unashuka kwenye kila hatua. Sasa wewe umekaa miaka unafundishwa kichwa kisipande, unachora mstari ukutani, alafu unakuja hapa unaambiwa panda. Usibishane. Ukiwa kwao piga ya kwao.

Judo, kata ya wawili

Watu wengi hawajui kwamba judo ina kata, wanajua kurushana tu. Jigoro Kano alianzisha Kodokan mwaka 1882, na Nage-no-kata ndo kata ya kwanza utakayokutana nayo, mirusho 15 kwenye makundi matano, mitatu mitatu, kila mmoja kulia na kushoto. Kundi la kwanza la mikono: uki otoshi, seoi nage, kata guruma. Hiyo kata guruma usichanganye na kata yenyewe, pale kata maana yake bega.

Hapa yule anayerushwa, uke, ana kazi nzito kuliko anayerusha. Kwenye uki otoshi uke anashika na kusukuma hatua tatu, tori, yule anayerusha, anarudi nyuma hatua tatu kwa kuburuza miguu, na kwenye ya tatu anapiga goti la kushoto chini na kuvuta. Kama uke hasukumi kweli hakuna kitu cha kuvuta, tori atalazimisha kwa mabega na itaonekana kama mtu anavuta kabati. Kwa hiyo mkiwa wawili, siku tatu za kwanza msirushane kabisa, sukumana na kurudi tu, moja, mbili, tatu, mpaka hatua zenu zilie pamoja kwenye mkeka. Na kama mwenzako hajui kuanguka, usijaribu kata hii naye, hasa kwenye sakafu ya sementi na godoro moja. Nasema hivi kwa sababu najua mtajaribu.

Kwa mtu wa karate faida ya Nage-no-kata ni moja kubwa: kuna mtu mbele yako kweli. Nilivyorudi kwenye Heian zangu baada ya miezi minne ya judo, ndo nikaanza kuona yule mtu ambaye miaka yote nilikuwa nampiga hewani.

Ya polepole

Taiji (tai chi) ya hatua 24 ilipangwa China mwaka 1956 kutoka staili ya Yang ili watu wengi waweze kujifunza, na ndo unayoiona wazee wanapiga bustanini alfajiri. Vijana wanaidharau. Piga moja kwa dakika tano au sita bila kusimama popote, alafu tuongee.

Kosa la mtu wa karate hapa ni kuwa na mwisho. Tumezoea kila ngumi ina pah, inasimama, inayofuata. Huku hakuna pah. Mkono haujafika mwisho uzito ushaanza kuhama. Jifunze ule wa pili tu, unaitwa kutenganisha manyoya ya farasi mwitu, unajirudia mara tatu kushoto kulia kushoto, na uangalie mguu: kabla ya kugeuza unyayo wa mbele uzito unarudi nyuma, unyayo unageuka ukiwa mwepesi, alafu ndo uzito unaingia. Ukigeuza unyayo uzito ukiwa juu yake, goti ndo linageuka. Na miguu miwili isikae kwenye mstari mmoja kama unatembea juu ya kamba, acha nafasi katikati, la sivyo utayumba na utadhani ni uzee.

Kuhusu kuangalia video

Angalia ila jua unaangalia nini. Tokyo 2020, iliyopigwa 2021, kata ilikuwepo olimpiki na Kiyuna Ryo wa Okinawa akachukua dhahabu ya wanaume, Sandra Sánchez wa Hispania ya wanawake. Watamu sana kuwatazama. Lakini wale wanapigia majaji, wanakaa kwenye stensi kidogo zaidi ili ionekane, wanakaza shingo, wanavuta muda kabla ya mlipuko. Ukiiga hivyo vionjo kabla hujawa na msingi utakuwa na kata ya uso tu. Mi natumia video za mashindano kuangalia macho yao yanaenda wapi kabla ya kugeuka, basi. Kwa miguu natafuta mzee mmoja anayepiga polepole bila muziki.

Na jirekodi. Simu iwekwe chini usawa wa goti, isiwe juu ya kabati, kwa sababu ikiwa juu miguu haionekani na miguu ndo shida. Rekodi mara moja kwa wiki, siku ileile, usiangalie kila siku utajichukia.

Kitu kingine kinachofanya kazi kuliko unavyodhani, geuza mwelekeo. Kama kila siku unaanza ukiangalia mlango, leo anza ukiangalia dirisha. Nusu ya watu wanaosema wameikariri kata wamekariri chumba. Ukifika mtihani ukumbi mwingine, hamna mlango, hamna dirisha, hatua ya 10 inapotea. Ukishaweza kuanza kona yoyote, jaribu kuanzia katikati, mtu akikuambia anza ya 14, unaanza. Alafu macho yamefungwa, taratibu, na usijaribu hii karibu na jiko la mkaa.

Ukifika dojo ya watu

Mkanda wako ulioupata kwingine, uliza kabla ya kuuvaa. Sehemu nyingi watakuambia vaa tu, sehemu nyingine watakuambia anza na mweupe, na mimi siku hizi naenda na mweupe kwenye begi tayari, inapunguza maneno. Simama mstari wa nyuma. Usiseme "sisi kwetu tunaipiga hivi" mpaka uulizwe, na ukiulizwa onyesha mara moja fupi alafu rudi mstarini. Uliza swali moja tu siku ya kwanza, na swali zuri ni hili: sensei, uzito uwe mguu gani hapa? Hilo swali halijawahi kunirudishia jibu baya popote nilipoenda.

Yule sensei wa Gekisai aliyenikalisha chini, baada ya miezi nane hivi nilimwomba aniweke tena unyayo nyuma ya kisigino. Akaweka, akanigusa begani, nikatikisika lakini sikukaa. Akanigusa bega la upande wa pili. Nikakaa.